Kolekole tulomwachia akaja kuuzwa dikoni: uchambuzi wa kisa kimoja cha uvuvi wa michezo Pemba

Kisa hichi ni cha misimu michache nyuma, upande wa magharibi wa Pemba. Majina nimeyatoa, bandari siitaji, na boti sitoi hata rangi yake mana kwetu ukishasema rangi ya boti ushamaliza kila kitu. Mimi ndo nilokuwa mratibu, yani niloongea na mgeni, nilotafuta boti na kupanga siku, na makosa mengi ya mwanzo ni yangu. Naandika kwa vijana wanaoingia kwenye kazi hii ya kuwapeleka wageni kuvua, kwasababu naona mambo yaleyale yanarudi kila kaskazi ikiingia.

Usuli: boti, watu, bahari

Boti ni ya faiba, injini mbili, ina nahodha mtu mzima aloanza kuvua kwa mshipi wa mkono akiwa bado anaenda chuoni, na mabaharia wawili, mmoja kijana wa miaka ishirini hivi ambae akili yake inashika haraka kuliko sisi sote. Malipo yalikuwa ya desturi yetu: posho ya siku, ndogo tu, na juu yake wanagawana samaki. Pashikeni hapo. Posho ilikuwa ndogo kwasababu samaki ndo mshahara wenyewe, nguru mmoja mzuri akifika dikoni, pale bandarini samaki wanaponadiwa, anaipita posho ya mtu mchana kutwa na kichwa chake kinabaki kuwa mchuzi wa nyumbani.

Bahari yetu nayo ina mambo yake. Unguja imekaa juu ya kitako kimoja na bara lakini Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ndo mana ukitoka nje ya miamba dakika chache tu maji yanakuwa buluu ya kiza na samaki wa bahari kuu, jodari, nguru, sulisuli, nduwaro, wanapita karibu na nchi kavu kabisa. Upande huu wote wa magharibi uko ndani ya PECCA, yani hifadhi ya mkondo wa Pemba, tangu 2005, na ndani yake kuna kisiwa cha Misali, kilotangulia kuhifadhiwa 1998, ambacho kina sehemu yake hakuvuliwi kabisa. Kila shehia ya wavuvi ina kamati. Na watu wa Pemba kumwacha samaki akue wanajua, asije mtu akawasomesha, Kisiwa Panza wamekuwa wakifunga maeneo ya pweza kwa miezi tangu 2016, wanafungua, wanavuna, wanafunga tena. Kwahiyo kutomvua samaki kunaeleweka. Kisichoeleweka ni kumvua, kumtoa, kumpiga picha, alafu kumrudisha.

Mgeni na ziwa lake

Mgeni alikuwa mzee wa sitini na kitu, Mkanada, mtu mpole, anaetengeneza ndoana zake mwenyewe. Kwao kila kiangazi anafanya kazi kama ya kwetu, anawapeleka watu kuvua kwenye ziwa moja la kaskazini linaitwa Great Bear Lake. Nieleze kidogo mana bila ya ziwa lile kisa hakifahamiki. Lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 31,000, yani uchukue Unguja na Pemba uziunganishe, ziwa linazimeza zote mbili mara kumi na zaidi. Mzunguko wa Aktiki unapita juu yake. Sehemu kubwa ya mwaka ni barafu tupu, wavuvi wa michezo wanaingia Julai na Agosti kisha basi. Pembezoni mwake pote kuna kijiji kimoja tu, Deline, cha wenyeji wa jamii ya Dene, na mwaka 2016 UNESCO ikalitia eneo hilo kwenye orodha yake ya hifadhi za baiyoanuwai.

Samaki anaefatwa kule ni trauti wa ziwa. Maji ni baridi, chakula kidogo, kwahiyo anakua polepole mno, anaweza kupita miaka 50, na 1995 alitolewa mmoja wa ratili 72, kama kilo 32 na nusu hivi. Fikiria samaki mwenye umri wa nahodha wetu. Ukimuua mmoja mkubwa leo, wa kukaa mahali pake atakuja kuonwa na mjukuu wako. Ndo mana kambi za kule zinarudisha majini samaki wakubwa na zinatumia ndoana isiyokuwa na lile jino la nyuma linalomzuia samaki asichomoke.

Sasa huyu mzee aliniandikia kabla hajaja kwamba yeye haui samaki. Mimi nikaona hilo jambo dogo, nikampigia nahodha nikamwambia "mgeni huyu hachukui samaki." Nahodha akasema alhamdulillah. Nikadhani tumefahamiana! Kumbe yeye kasikia kwamba mgeni hataki samaki wa kuchukua hotelini, kwahiyo wote ni wao. Neno moja tu hilo, "hachukui".

Siku ya kwanza: jodari

Ilikuwa Februari, maji mafu, bahari imelala. Tulitoka alfajiri tukarambaza nje ya mwamba, yani boti inakwenda na mishipi inaburutwa nyuma, na saa mbili haijafika wakala jodari wawili kwa mpigo, wa kilo sita sita. Baharia mkubwa kashatayarisha ndoo ya barafu. Mgeni akamshika wa kwanza kwa upole, mkono mmoja mkiani mmoja tumboni, akamtia majini pembeni mwa boti akawa anambembeleza mbele na nyuma kama mtu anaesuuza nguo, anasubiri apate nguvu apige mkia mwenyewe aende. Ndivyo trauti anavyoachiwa kwao.

Jodari si trauti. Jodari anapumua kwa kwenda, maji yanaingia mdomoni yanapita kwenye mashavu kwasababu yeye yuko kwenye mwendo, ukimshikilia pahala pamoja ni kama umemziba pua. Yule jodari alitetema, akalegea, akafa mikononi mwa mtu aliekuwa anajaribu kumuokoa. Wa pili vilevile. Mgeni akakataa wasitiwe ndooni, alihisi wakiingia kwenye ndoo itakuwa kavua kwa ajili ya kuua, akawaacha wakazama. Hapo boti ikanyamaza. Nahodha alinitizama jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka, akasema taratibu tu: "Mwanangu, hawa ndo posho yetu inazama hii."

Nilimwambia mgeni? Sikumwambia. Niliona haya, nikasema kesho mambo yatakaa sawa. Kosa la pili hilo na ni kubwa kuliko la kwanza.

Siku ya pili: chewa, kisha kolekole

Asubuhi tulishusha mshipi mahali penye kina cha mita arobaini hivi, akatoka chewa wa haja. Alipofika juu macho yamemtoka, utumbo umejaa mdomoni kama puto, mgeni akamwachia akabaki anaelea ubavu. Mgeni alishangaa kweli, mana kwao trauti anatolewa kwenye kina kirefu na anarudi chini bila ya tabu. Jioni tulikaa tukaifahamu sababu. Trauti ana njia ya kutoa hewa kutoka kwenye kibofu chake cha hewa kwenda kooni, anacheua njiani akipanda, unaona mpaka mapovu. Chewa hana njia hio, kibofu chake kimefungwa. Mita arobaini chini mgandamizo ni mara tano ya huku juu, kwahiyo hewa ilokuwa imetulia ndani yake inavimba mara tano kabla hajafika juu, inasukuma kila kitu nje. Ukimwachia juu hawezi kuzama, anachomwa na jua mpaka anakufa au mwewe anamchukua.

Yule chewa tulimchukua, nahodha hakungoja ruhusa ya mtu.

Mchana ndo kolekole. Mgeni alikuwa na rodi yake ya ziwani, nyepesi, na chambo cha bandia cha kupiga juu ya maji chenye ndoana mbili za mikono mitatu mitatu. Kolekole alikuja kwa nguvu ile mnayoijua, maji yakapasuka, na vita ikachukua karibu dakika hamsini kwasababu kifaa kilikuwa kidogo kuliko samaki. Kilo ishirini na kitu, tulikisia. Akaingizwa ndani, akalazwa juu ya sakafu ya boti ilokuwa imepigwa jua tangu asubuhi, ndoana sita zinachomolewa moja moja na plaizi yenye kutu, picha na mgeni, picha na nahodha, picha na mimi (nimo, nimetabasamu), baharia kamfuta kwa taulo kavu ili ang'are. Kisha akatiwa majini kwa heshima zote. Alikwenda kama mita kumi akageuka tumbo juu.

Mbele yetu kulikuwa na ngalawa ya watu wawili. Walimchukua, wakatunyooshea mkono kushukuru, wakashika njia ya nyumbani.

Dikoni

Tulipofika bandarini kolekole keshafika kabla yetu na mnada umekwisha. Na khabari imekwisha kuwa nyengine: "boti ya watalii inatupa samaki." Wanawake wanaokaanga pweza wananiuliza mimi binafsi, kwani mwanangu samaki wamekuwa wengi kiasi hicho? Mwengine akasema ni israfu, mwengine akasema mgeni anafanya utafiti wa siri, nikawa sina la kumjibu yeyote. Bwana diko, msimamizi wa pale, akanambia kwa adabu kwamba kamati inataka kutuona kesho asubuhi na boti isitoke kwanza.

Usiku ule ndo nilimweleza mgeni kila kitu, posho, jodari, neno langu la "hachukui". Hakukasirika. Alisema kitu kimoja tu, kwamba siku mbili nzima alikuwa anadhani mabaharia hawampendi.

Kikao

Tulikaa barazani, wajumbe watano, sheha, nahodha, mgeni, mimi mkalimani. Mzee wa kamati, mtu wa maneno machache, alianza na swali ambalo mimi ningelipenda asiulize: "Kiumbe cha Mungu umemvuta saa nzima, hukuwa na njaa, kisha umemwachia. Ulikuwa unataka nini kwake?"

Nilijaribu kulilainisha, mgeni akaniambia nitafsiri kama lilivyo. Akakaa kimya, kisha akajibu kwamba kwao nako wazee wa wenyeji wa kaskazini, Kanada mpaka Alaska, wapo wengi wanaosema hivyohivyo, kwamba huko ni kumchezea samaki na samaki anaechezewa anakasirika haji tena. Hakusema kwamba wamekosea.

Mzee akauliza tena, "na nyinyi kwenye boti mchana mnakula nini?" Hapo mgeni akacheka. Akaeleza kwamba saa sita kila siku boti zinapanda ufukweni, wanawasha moto, na wanakaanga trauti, mdogo, wa ukubwa wa sufuria. Wakubwa wanarudi, mdogo mmoja analiwa. Ndo desturi ya kule tangu zamani.

Kumbe. Yani hata ziwani kwenyewe hio amri ya kutoua kabisa haipo, ni yeye mwenyewe tu kwenye safari hii aliona akiwa ugenini awe mkali zaidi ya kwao, kwa nia nzuri. Mzee wa kamati akampiga begani akasema, basi na sisi ni hivyo hivyo, tafauti sufuria yetu ni kubwa. Baraza ikacheka na kutoka hapo kikao kikawa kikao cha wavuvi, si kesi.

Tuliyoamua na kwanini

Kwanza kitoweo. Jodari na nguru ni wa kuchukuliwa mpaka fungu la kila baharia litimie, kisha mishipi ya kurambaza inatolewa. Tuliwachagua hao kwasababu jodari anakua haraka na anapita tu, yeye ni wa bahari nzima. Kolekole mkubwa anakaa, ana mwamba wake na mlango wake wa maji, wavuvi wa hapa wanawajua karibu mmoja mmoja. Na niseme kweli, kolekole wa ukubwa ule nyama yake haigombewi kama ya nguru, kwahiyo kumrudisha hakumuumi mtu sana. Sio sababu ya kisayansi lakini ndo ilopitisha azimio.

Posho tukaipandisha, ikawa ya kutosha hata siku bahari imekauka. Mgeni alipendekeza awalipe mabaharia kwa kila samaki atakaeachiwa, na mimi nilikuwa naona ni fikra nzuri kabisa. Nahodha ndo alokataa. Alisema ukilipa kwa kichwa, mtu atakuhesabia hata alokufa, na kesho nitavua vidogo kumi niviachie vyote nipate pesa. Nikamfahamu.

Kolekole wote warudi, ila akiwa kameza ndoana au mashavu yanatoka damu basi analiwa, awe nani awe. Hili mgeni alilikubali kwa shida. Lakini samaki anaetoka damu kwenye mashavu umeshamuua, unachobakisha kuamua ni kwamba ataliwa na nani.

Chewa hatumtafuti kwenye kina kirefu. Akija kwa bahati mbaya ashushwe kwa chubwi. Hio nieleze: unachukua chubwi zito la risasi, kilo moja na nusu hivi, unalifunga na ndoana iliobanwa jino, lakini ndoana imegeuzwa kichwa chini. Unaipachika kwenye mdomo wa chewa, unashusha mshipi, uzito unamvuta mpaka kule kina kilipo, hewa inaminywa inarudi udogo wake, ukifika chini unavuta mshipi kwa ghafla mara moja ndoana inachomoka yenyewe. Mgeni aliwahi kuona kitu cha namna hii kinauzwa madukani kwao, sisi tulikitengeneza kwa dakika kumi chini ya mwembe.

Kuhusu ndoana, zile za mikono mitatu zikatolewa ikawekwa moja moja, jino limebanwa kwa plaizi (mpya). Rodi ya ziwani ikapumzishwa, tukaazima nzito kwa jamaa. Samaki wa kuachiwa haingii ndani ya boti, picha anapigwa akiwa majini ubavuni, mikono imerowa. Taulo nikalificha mimi mwenyewe.

Na mjumbe mmoja wa kamati akapanda boti siku inayofata, kwa ombi letu.

Siku tatu za mwisho

Nilikuwa na daftari. Kolekole kumi na mmoja walifika ubavuni, wengine watano walichomoka njiani kwasababu ya ndoana isokuwa na jino, na kila alipochomoka mmoja nahodha alinitizama kama vile mimi ndo nilombana. Alikuja kuzoea, siri ni usimlegezee mshipi hata kidogo. Katika wale kumi na moja tisa waliondoka kwa nguvu zao, mmoja alikuwa kajeruhiwa mashavu akaenda sufuriani, na mmoja papa alimkata nusu kabla hatujamfikia. Vita ilikuwa dakika kumi, kumi na tano, si hamsini tena. Ndoana inachomoka kwa mkono mmoja, sekunde tu.

Jodari walichukuliwa sita, nguru wawili, mafungu yakatimia kila siku kabla ya saa nne. Kuna jodari mmoja mdogo mgeni aliomba amwachie, na nahodha mwenyewe ndo alomwonyesha: akamnyanyua akamtupa kwa kichwa kama mkuki, aingie majini tayari yuko kwenye mwendo. Akapotea papo hapo. Mgeni akarudia kitendo kile mkono mtupu mara tatu kama mtoto anaejifunza kurusha jiwe.

Mjumbe wa kamati alorudi na boti ile ndo alokwenda kusema dikoni, na maneno yake yalifanya kazi kuliko yangu yote. Hakusema "wanahifadhi". Alisema: "wanakula, na wengine wanawarudisha wazima, nimeona kwa macho."

Uchambuzi

Nikiangalia nyuma, samaki waliokufa siku mbili za mwanzo hawakufa kwa ubaya wa mtu. Walikufa kwasababu kanuni ya maji baridi ililetwa kwenye maji moto bila ya kukaguliwa. Maji ya ziwa lile hata kiangazi ni baridi ya kuuma, na maji baridi yanashika oksijeni nyingi. Bahari yetu Februari ni nyuzi 28 au zaidi, na chumvi juu yake, oksijeni ilomo ni kama nusu ya ile, na wakati huohuo samaki wa maji moto mwili wake unaitaka zaidi. Kwahiyo dakika hamsini za vita kule na dakika hamsini za vita hapa si kitu kimoja. Dakika tatu za picha nazo si kitu kimoja. Yule kolekole alikuwa kama mtu alokimbia kutoka Wete mpaka Chake, ukamziba pumzi ukamlaza juu ya bati la jua ukimwambia cheka.

Kitu kilichofanya kazi zaidi kuliko vyote, kwa maoni yangu, si ndoana wala chubwi. Ni kule kukata uhusiano baina ya samaki na mshahara. Siku ya kwanza nilitaka mabaharia waone furaha kumwona mshahara wao anaogelea kwenda zake. Nani angeona? Walipojua kwamba nyumbani kuna kitoweo na mfukoni kuna posho, kijana mdogo akawa yeye ndo anaepiga kelele "mikono iroweshe!" kabla ya mtu kumgusa samaki.

Kilichofeli ni tafsiri, na hapa sijisamehi. Kuna tafauti kubwa baina ya kuachia, kurudisha na kutupa, na mimi sikuchagua neno, nililiacha neno lijichague. Dikoni likajichagua "kutupa". Siku hizi kabla ya boti kutoka nawakalisha wote, mgeni na mabaharia, naulizia samaki mmoja mmoja kwa jina lake: jodari yuko wapi, nguru yuko wapi, kolekole, chewa, sulisuli. Inachukua robo saa na wageni wengine wanaona nawachelewesha.

Kamati pia ilikuwa ijue kabla, sio baada. Tuliomba mjumbe apande boti wakati moto umeshawaka, tungeomba siku ya mwanzo kisa hiki kisingekuwepo, au kingekuwa kifupi.

Na kuna jambo ambalo daftari langu halisemi. Tisa waliondoka kwa nguvu zao, basi. Kuondoka si kupona, samaki alochoka anaweza kufa saa nne baadae au kukamatwa na papa akiwa bado mlevi wa uchovu. Ningeweza kuandika hapa kwamba tuliokoa tisa, ingependeza, lakini sikuwaona tena.

Swali la mzee pia limebaki pale pale. Ulikuwa unataka nini kwake? Nimelipeleka kwa watu kadhaa wenye elimu wakanijibu tafauti, mmoja kaniambia kuna manufaa kwa watu kwahiyo hapana neno, mwengine kaniambia mchezo ni mchezo. Mimi naendelea na kazi, nina watoto, lakini uvuvi wa kolekole kwa wageni nimeupunguza kuwa asubuhi tu, na tukishapata watatu tunarudi hata kama jua bado.

Baada ya hapo

Mengine yameshikika, mengine hayakushikika. Posho mpya imebaki. Ndoana za mikono mitatu zilirudi msimu uleule, mgeni mwengine alikuja na sanduku lake na hakuna alomwambia kitu, mimi sikuwepo. Picha juu ya sakafu bado zinapigwa nikigeuka mgongo.

Chubwi lile limo kwenye boti mpaka leo, ndoana yake imebadilishwa mara mbili kwa kutu. Kaskazi iliopita alitoka chewa wa kilo kumi na kitu kwenye kina, bila ya kutafutwa, na yule kijana akampachika akamshusha hakuuliza mtu. Alipovuta mshipi ukaja mtupu akanigeukia mimi na daftari langu. "Ami, leo andika mmoja. Lakini usiandike kapona, andika kashuka."